Kitabu Kilichotiwa Kufuli: Dola ya Gileadi Katika Mizani ya Injili

Mwendo mfupi kutoka mji wa Kendu Bay, nyuma kidogo ya ufuko wa Ziwa Victoria, liko ziwa jingine dogo la mviringo, lenye maji ya kijani yaliyojaa magadi, ambalo wenyeji wa Karachuonyo huliita Simbi Nyaima, maana yake Simbi iliyozama. Wazee husimulia kwamba mahali hapo palikuwa na kijiji, na usiku mmoja, watu walipokuwa katika karamu ya pombe na ngoma, alifika bikizee mgeni, mchovu na mwenye njaa, akaomba mahali pa kujisitiri. Wenye karamu wakamfukuza kwa kejeli, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemkaribisha kwake, na huyo ndiye aliyeambiwa aondoke upesi kabla mvua haijateremka na kijiji kuzama pamoja na watu wake. Hadithi hiyo ina riwaya nyingi, lakini katika zote hukumu ni moja: kijiji hakikuulizwa kilisali vipi wala kilitoa sadaka kiasi gani, kiliulizwa kilimtendea nini yule asiyekuwa na mtu wa kumtetea.

Nimeanza na kijiji hicho kwa sababu nakusudia kuipima jamii nyingine ya kubuniwa, nayo ni dola ya Gileadi, iliyotungwa na mwandishi wa Kanada, Margaret Atwood, katika riwaya yake The Handmaid's Tale iliyotoka mwaka 1985. Gileadi hujiita dola ya Mungu. Amri zake zimevikwa maneno ya Maandiko, maamkizi ya watu wake ni ya ibada, hata maduka yake yamepewa majina ya Biblia. Basi msomaji Mkristo huingiwa na wasiwasi, akajiuliza kama hiyo ndiyo sura ya dini yake ikipewa nguvu za serikali. Jibu langu ni kwamba sivyo, na kwamba upotofu wa Gileadi hautokani na kuzidi kwa imani, bali unatokana na tendo moja linalotangulia mengine yote: kumnyang'anya mwamini Kitabu, kisha kumsomea vile anavyotaka mwenye ufunguo.

Yatupasa kwanza kuijua dola yenyewe. Katika riwaya hiyo, kundi la wanaume wanaojiita Wana wa Yakobo huiangusha serikali ya Marekani, wakaifuta katiba, wakazifunga akaunti za fedha za wanawake na kuwafukuza makazini kwa siku moja. Uzazi umepungua kwa sababu ya sumu na maradhi, kwa hiyo wanawake wachache wenye uwezo wa kuzaa hukamatwa, wakavishwa mavazi mekundu na kugawiwa kwa wakubwa wa dola, ambao huitwa Makamanda, ili wawazalie watoto kwa niaba ya wake zao. Wengine wamewekwa jikoni na kuitwa Martha; wengine, wanaoitwa Mashangazi, wamepewa kazi ya kuwafundisha wenzao utii kwa fimbo za umeme; na wasiofaa kwa lolote hupelekwa makoloni kusafisha taka zenye sumu hadi wafe. Ukutani hutundikwa maiti za walionyongwa, na miongoni mwao wamo mapadri. Waquaker husakwa kwa kuwaficha watoro na Wabaptisti hupigwa vita, ilhali dola inayowaua ndiyo inayojiita ya Kikristo.

Kabla ya kulitazama tendo hilo la kumnyang'anya mwamini Kitabu, tukumbuke jinsi Kitabu kilivyotufikia sisi. Wamishenari Waadventista wa kwanza walipofika Gendia, kilima kilicho karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, yaani Arthur Carscallen wa Kanada pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, walianza kwa kujifunza Kijaluo, wakakiandika, wakafungua shule, na baada ya miaka michache wakaleta mtambo wa kupigia chapa, ili neno wanalolihubiri lipate kushikwa mkononi na yule anayehubiriwa. Taathira yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba Wajaluo hawakuwa na haja ya kubuni neno gumu la kumwitia Mkristo: walimwita kwa kazi yake. Wakristo wakaitwa josomo, watu wanaosoma, kama vile Waganda walivyowaita wao abasomi, na Wakikuyu athomi. Katika lugha tatu tofauti, watu wa nchi hizi walitambua jambo lile lile, kwamba aliyeingia dini hii ni mtu aliyepewa kitabu akifunue mwenyewe. Sisemi kwamba wamishenari walikuwa malaika; wengi wao walidharau mila wasizozielewa, na wengine walikuwa wakali kwa waumini wao kama mabwana wa mashamba. Walakini kwa kuwapa watu kusoma waliwapa pia mizani ya kuwapimia wao wenyewe, na mizani hiyo, kama tutakavyoona, ilitumika.

Sasa litazame jambo hili katika Gileadi. Huko mwanamke akikutwa anasoma huadhibiwa. Mabango ya maduka yameondolewa maandishi, zikabaki picha, kusudi macho yasipate hata herufi moja. Biblia imo ndani ya nyumba ya Kamanda, lakini imetiwa kufuli katika sanduku, na usiku uliowekwa huja mwenyewe na ufunguo, akaketi mbele ya watu wa nyumba, akawasomea kile alichokichagua. Katika kituo wanakofundishwa wajakazi, wakati wa chakula, husikilizishwa kwa kinasa sauti zile Heri za Mlimani, na katikati yake hutiwa heri ambayo Yesu hakuitamka, ya kuwabariki wanaonyamaza. Msimulizi wa riwaya, ambaye aliwahi kusoma kabla ya dola hiyo, anajua kwamba maneno hayo yamepachikwa, wala hana njia ya kuthibitisha, kwa kuwa Kitabu hakimfikii. Humo ndimo siri yote ya Gileadi inamokaa, maana uongo wa aina hii hauhitaji hoja. Huhitaji kufuli tu.

Tusidhani kwamba hayo ni mawazo ya mtunzi peke yake. Mwaka 1807 ilichapwa huko London Biblia iliyokusudiwa kwa watumwa wa Karibi, na wachapaji wake waliacha sehemu kubwa ya Agano la Kale na nusu ya Agano Jipya. Katika yaliyoachwa ni habari za Musa kuwatoa wana wa Israeli utumwani Misri, ilhali mafundisho ya watumwa kuwatii mabwana zao yalibaki mahali pake. Waliofanya hivyo hawakuyaogopa maneno mabaya, waliyaogopa maneno mema. Walijua kwamba mtumwa akifika penye habari za Farao, hatajiona kuwa Mmisri. Kwa hiyo kila mwenye kudhulumu kwa jina la Mungu hulazimika kukigawa Kitabu: nusu akaitangaza, na nusu akaificha.

Aya ambayo Gileadi imejengwa juu yake ni ya sura ya 30 ya kitabu cha Mwanzo, ambapo Raheli, aliyekuwa tasa, anampa mumewe Yakobo mjakazi wake Bilha ili amzalie kwa niaba yake. Hapo lazima mtu aulize swali ambalo hata mwanafunzi mdogo wa madarasa ya Sabato angeliuliza: je, Maandiko yanapohadithia jambo, yanaliamrisha? Kitabu hicho hicho kinahadithia Kaini kumwua nduguye na wana wa Yakobo kumwuza Yusufu, wala hakuna aliyefanya mauaji ya ndugu kuwa kaida ya dini. Nyumba ya Yakobo imesimuliwa pamoja na machozi yake, wivu wake na ugomvi wake, kama onyo kuliko kielelezo.

Zaidi ya hayo, kabla ya Bilha alikuwako mjakazi mwingine, Hajiri Mmisri, aliyetolewa na Sarai kwa Ibrahimu kwa sababu ile ile. Naye alipoteswa akakimbilia jangwani, Mungu hakumfuata Sarai kumpa pole; alimfuata mjakazi. Malaika alimwita kwa jina lake, jambo ambalo bwana na bibi yake hawakulifanya popote katika habari hiyo, na yule mwanamke mtoro, mgeni, asiye na mali wala haki, akampa Mungu jina, akamwita Mwenye kumwona. Ni mtu wa kwanza katika Biblia kufanya hivyo. Makamanda wa Gileadi wanayo habari hii sandukuni mwao, kurasa chache tu kabla ya ile wanayoisoma kila mara, nao huipita. Kwa maana ikisomwa mara moja kwa sauti, yule mwanamke mwenye vazi jekundu aliyepiga magoti mbele yao angejua ni upande gani Mungu wake amesimama.

Msomaji wa nchi zetu analo jambo la kuongeza ambalo msomaji wa Toronto hana. Neno mjakazi kwetu si la riwaya. Pwani ilikuwa na wajakazi na masuria katika zama za utumwa, uliopigwa marufuku Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, na dhuluma yake haina utetezi. Hata hivyo, katika sharia iliyofuatwa huko, suria aliyemzalia bwana wake hakuuzwa tena, mtoto wake alikuwa huru na mrithi kama wengine, na bwana akifa mama naye hutoka utumwani. Gileadi, inayojidai kuwa juu ya mataifa yote kwa utakatifu, humnyang'anya mjakazi mtoto akiisha kumnyonyesha, kisha humhamishia nyumba nyingine kuanza upya. Kadhalika katika boma la Kijaluo la wake wengi, ambalo wamishenari walilishutumu sana, mikayi, mke wa kwanza, ana nyumba yake, nyachira, wa pili, ana yake, na reru, wa tatu, ana yake. Kila mmoja na ghala lake, shamba lake na watoto wanaotambulikana kwa nyumba ya mama yao. Sisemi kwamba boma hilo halikuwa na machungu; wajane waliolazimishwa kurithiwa wanaweza kueleza. Lakini Bilha wa Gileadi hana nyumba, hana ghala, hana mtoto, na mwisho hana hata jina.

Habari ya jina yastahili kutuliwa. Wajakazi wa Gileadi huitwa kwa jina la Kamanda wao likitanguliwa na neno la umiliki, hivyo msimulizi anaitwa Offred, yaani wa Fred, na akihamishwa jina hilo atapewa mwingine kama sahani. Huku Karachuonyo mwanamke aliyeolewa mbali huitwa nyar Karachuonyo, binti wa Karachuonyo, mpaka uzeeni, na kila anayemwita hivyo humkumbusha mumewe kwamba mkewe ana kwao, ana ndugu, na kwamba kilio chake kikisikika kina mahali pa kufika. Injili nayo huenda mbali zaidi: siku ya ufufuko, Mariamu Magdalene hamtambui Bwana kwa uso wala kwa mavazi, anamtambua anapomwita kwa jina. Dini inayofuta jina la mtu imekwisha kuondoka katika bustani ile ya asubuhi, hata ikiwa midomo yake imejaa zaburi.

Mambo mengine ya upotofu wa Gileadi yanafuata hayo. Katika Injili ya Yohana, mwanamke aliyefumaniwa analetwa mbele ya Yesu ili apigwe mawe, na washitaki wanaondoka mmoja mmoja bila kurusha jiwe. Katika Gileadi wanawake hukusanywa uwanjani washike kamba inayowanyonga wenzao, kusudi kila mkono uwe na damu. Yesu alimjibu Pilato kwamba ufalme wake si wa ulimwengu huu, tena alimwamuru Petro arudishe upanga alani. Makamanda wamejenga ufalme wa ulimwengu huu kwa upanga peke yake. Yesu aliwaonya wanafunzi wake wasipayuke kwa maneno mengi katika sala, bali waingie chumbani na kufunga mlango. Gileadi ina mashine zinazosema sala zilizonunuliwa kwa simu, zikijisomea zenyewe katika chumba kitupu, na idadi ya sala ulizonunua ni ushahidi wa uaminifu wako kwa serikali. Na wale wanaume wanaowanyonga wengine kwa uasherati wana nyumba yao ya siri ya anasa, ambayo wameiita kwa jina la Yezebeli.

Hapa wapinzani wawili watasimama, na insafu inataka wote wasikilizwe. Wa kwanza atasema kwamba Gileadi haikubuni kila kitu, kwani waraka wa kwanza kwa Timotheo unamtaka mwanamke ajifunze kwa utulivu, na maneno hayo ndiyo Kamanda anayoyasoma katika arusi ya halaiki. Ni kweli yamo, na makanisa yana ikhtilafu juu ya tafsiri yake mpaka leo, hususan katika suala la kuwawekea wanawake mikono wawe wachungaji. Lakini yeyote anayelisoma neno hilo huku Kitabu kizima kikiwa wazi atakutana pia na Debora aliyewaamua Israeli, na Prisila aliyemfundisha Apolo, mtu hodari wa Maandiko, na Fibi wa Kenkrea ambaye wafasiri wengi wanaamini ndiye aliyeupeleka Waraka kwa Warumi, na Mariamu wa Bethania aliyeketi miguuni pa Yesu kama mwanafunzi, naye Bwana akakataa aondolewe hapo apelekwe jikoni. Na waumini wa Kendu Bay hawana haja ya kwenda mbali, maana kanisa lililowaletea kitabu lilikuwa na mwanamke, Ellen White, miongoni mwa waasisi wake, na maandishi yake yangali yakisomwa kwa heshima katika makanisa ya ufuko huu. Gileadi ingelimkata mkono. Hata waraka huo wenyewe unaamrisha kwamba mwanamke ajifunze. Gileadi ilichukua utulivu ikaacha kujifunza.

Mpinzani wa pili atasema kwamba riwaya hiyo ni shambulio dhidi ya Ukristo, na kwamba muumini hana faida ya kuisoma. Mimi naona kinyume chake. Atwood ameeleza mara nyingi kwamba hakutia katika riwaya jambo lolote ambalo wanadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani, na katika hadithi yake wapo Wakristo wanaohatarisha roho zao kuwavusha watoro mpaka. Kinachoshitakiwa humo ni utawala uliovaa joho la dini, na shitaka hilo ni la zamani sana. Isaya na Amosi walilileta kabla yake, kwa sauti kali kuliko yake. Naye Shetani, alipomjaribu Yesu jangwani, hakuja na matusi, alikuja na aya. Alijibiwa kwa aya nyingine, yaani kwa Kitabu kizima dhidi ya kipande.

Lau hatari hii ingekuwa ya riwaya tu, ningeliishia hapo. Lakini Afrika ya Mashariki imekwisha kuzika watu wake kwa sababu ya jambo hili. Kanungu, kusini magharibi ya Uganda, lilikuwako kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi, ambalo wafuasi wake walikatazwa kuzungumza wakawa wanaashiriana kwa mikono, eti wasije wakavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea katika nyumba yao ya ibada iliyopigiliwa misumari. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa, na wengi wakiwa watoto. Walioshitakiwa walikana mashitaka walipofikishwa mahakamani mwaka 2024. Na Aprili 2025, hapa jirani, Opapo karibu na Rongo katika kaunti ya Migori, polisi waliwatoa watu 57 waliokuwa wakiishi ndani ya boma la kanisa moja. Kila tukio lina mazingira yake, wala si haki kuyachanganya kana kwamba ni moja. Lakini katika yale mawili ya kwanza, ambayo habari zake zimejulikana zaidi, unaikuta ile ile alama ya Gileadi: watu waliotengwa na jamaa zao, na ambao neno la Mungu liliwafikia kwa kinywa kimoja tu, kisichoulizwa swali. Kanungu walinyamazishwa waziwazi, kana kwamba ile heri iliyopachikwa katika riwaya ilikuwa imefika milimani kwao.

Dhidi ya mifano hiyo ya msiba Nyanza ina mifano ya namna nyingine. Mwaka 1957 kundi la Waanglikana wa Kijaluo, likiongozwa na kasisi Matthew Ajuoga, lilijitenga na kuanzisha Church of Christ in Africa, nao walijulikana kwa jina la Johera, watu wa upendo, kwa kuwa walikuwa wamelikuta neno hera katika Maandiko ya lugha yao, wakawatazama waliowaletea Maandiko hayo, wakaona kwamba neno hilo halitendwi. Mwaka 1963 Gaudencia Aoko, mwanamke kijana mwenye umri wa miaka kama ishirini, alikuwa akibatiza watu kwa maelfu katika Legio Maria, akiwa bega kwa bega na Simeo Ondeto, wakati ambapo Kanisa Katoliki, walimotoka, lisingelimruhusu mwanamke kufanya hivyo. Mtu anaweza kuhitilafiana nao katika itikadi nyingi, na mimi ni mmoja wa wanaohitilafiana. Lakini siwezi kukana kwamba waliotoka na Ajuoga walikuwa josomo wa kweli, waliokishika kitabu wakamwuliza mwalimu wao kinachosema. Najua pia kwamba kusoma kwa uhuru huleta mafarakano, na kwamba kati ya Homa Bay na Migori makanisa yamezaana kama kambare wakati wa mvua. Hiyo ndiyo gharama yake, nayo ni nafuu kuliko gharama ya kufuli, kwa kuwa aliyekosea katika kusoma anaweza kusoma tena, au kusomewa na jirani yake, lakini aliyenyimwa kusoma hana pa kurejea.

Kwa hiyo mzazi wa Kendu Bay anayemwona mwanawe akivutiwa na mhubiri mpya asihangaike kwanza kuuliza ni mavazi ya rangi gani wanavaa, au siku gani wanasali, au wanapiga ngoma au hawapigi, maana katika hayo waumini wa kweli wametofautiana tangu zamani. Aulize mambo machache yaliyo wazi. Je, mwanangu anaruhusiwa kuifungua Biblia mwenyewe, katika lugha anayoielewa, mahali popote atakapo, na sio pale tu palipowekewa alama? Akiuliza swali, hujibiwa au hutishwa? Je, jina lake na jamaa zake vimeachwa mahali pake? Na yule dhaifu kuliko wote katika kusanyiko lile, mtoto, mjane, mgonjwa, mgeni, anaishije? Ikiwa majibu ni mabaya, basi hata kama aya zinatiririka kama mto Awach wakati wa masika, haifai kumwacha mtoto humo usiku mmoja zaidi. Yule mwanamke wa Simbi hakuwa na elimu ya kutafsiri ishara za mbinguni. Aliona tu kikongwe anatetemeka mlangoni, na kelele za karamu hazikumzuia kumfungulia.